Safari yangu na mke wangu toka Buja hadi Ol Doinyo Lengai: picha alizopiga na alichoniambia kule juu

Wakuu, amani iwe kwenu, walio Bongo, walio Buja na walio mbali zaidi.

Jana niliona humu jamaa ameweka picha ya Mlima Lengai na Ziwa Natron, akauliza kama panafaa kwa matembezi. Comments zote zikawa za barabara mbaya na joto. Nikataka kumjibu mistari miwili. Nimekaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Mistari miwili haitoshi.

Ndiyo maana ya uzi huu. Haya nimeyaishi kwa miguu yangu mwenyewe. Niliyosahau nitasema nimesahau, siwezi kujaza mapengo kwa kubuni.

Halafu ndugu zangu wa Tanzania mnivumilie na Kiswahili. Mi ni mtu wa Jabe, Bujumbura. Kiswahili chetu kinajulikana, kimepita Congo kabla ya kufika hapa.

Twende.

Mi ni fundi magari, naitwa Rajabu. Garaji yangu iko nyuma kidogo ya soko la Jabe, niliachiwa na marehemu baba. Mke wangu anaitwa Zubeda. Wakati ule alikuwa anafanya kazi kwenye labo ya foto katikati ya mji. Kazi yake ilikuwa picha za pasi na za kadi, asubuhi mpaka jioni. Watu wa ofisi kutoka Kigobe, wanafunzi wa Mutanga Sud, wafanyabiashara wanaosafiri.

Kaa hapa. Inua kidevu. Usicheke.

Na nyuma yao pazia jeupe, kila siku ya Mungu.

Siku moja akaniambia, "Rajabu, nimechoka na ile pazia nyeupe."

Nikamwambia amshauri bosi anunue la bluu.

Mnaona nilivyokuwa.

Alikuwa na aparei yake mwenyewe, kamera ya mtumba aliyoipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama. Lenzi ilikuwa na mkwaruzo pembeni, akajifunza kupiga picha kwa kuukwepa. Kwa wasiojua Buja, wikendi asubuhi mji wetu unakimbia. Vikundi vya watu, vijana kwa wazee, wanapanda vilima huku wanaimba. Mi nilikuwa kwenye kikundi kimoja cha mafundi na wenye maduka. Zubeda alikuwa anatangulia kwa pikipiki, anashuka kwenye kona, anatungoja. Picha zake zilikuwa zinatuonyesha tukiwa wazuri kuliko tulivyo.

Nakumbuka hizo asubuhi kuliko hata harusi yetu. Jasho, nyimbo, ziwa Tanganyika chini kule limelala, na mke wangu amepiga goti barabarani anafumba jicho moja.

Sasa siku moja akaja labo mfanyabiashara mmoja wa Arusha kutoa picha kwenye simu yake. Kati ya picha za harusi na za shehena za mchele, ilikuwepo moja ya mlima. Mlima mrefu, umechongoka, kijivu, kichwani mweupe kama umemwagiwa unga. Chini yake ziwa jekundu. Si jekundu la jua kuzama, jekundu lenyewe, na mistari myeupe imelikata kama nyufa za sahani.

Zubeda akajichapia nakala moja. Akaibandika jikoni kwetu, juu ya mbabula, jiko letu la mkaa. Moshi ukaifanya ya kahawia kidogo kidogo, ila yeye alikuwa anaijua rangi yake kwa kichwa.

"Ni huku tu Tanzania," alikuwa anasema. "Si Ulaya."

Nami nasema tutakwenda, inshallah. Ile inshallah ya mtu anayetaka kula wali wake kwa amani.

Niingie kwenye jambo lenyewe.

Hatukuwa na mtoto. Miaka ilikuwa imepita mingi, idadi sitaitaja. Tulikwenda kwa madaktari, wakatupima wote wawili, wakasema hawaoni tatizo, tusubiri. Tulikwenda na kwa wasio madaktari. Hapo Zubeda amenikataza kuandika zaidi.

Kwetu Waislamu wa Jabe mnajua maneno yanaanzaje. Yanaanza kwa dua, yanakuja kwenye huruma, halafu siku moja yanakuja yamevaa vizuri, yamekaa kwenye kiti.

Ijumaa moja baada ya swala, dada yangu mkubwa, Dada Hadija, akaitisha kikao nyumbani kwetu. Akaja na Mama na baba wadogo wawili. Wakasema wamenipatia mke wa pili, binti wa watu wema kutoka Kinama. Sina neno na yule binti, sikumjua wala hakunikosea.

Nikasema, "Apana."

Dada Hadija akasema dini inaruhusu.

Nikamwambia dini inaruhusu na mi pia inaniruhusu kukataa.

Basi Mama akalia. Mama yangu hakuwa mtu wa kulia. Akasema, "Mi nataka tu nikufe nimebeba mutoto wako, Rajabu. Naomba kingine gani?"

Mnajibu nini hapo, wakuu?

Zubeda alikuwa upande wa pili wa pazia la mlango anapanga vikombe. Alisikia yote. Aliingia na chai, akamtilia Mama sukari vile Mama anavyopenda, akatoka.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Nipeleke kule mulima."

Nilifurahi! Nilifikiri anataka tukapumue, tusahau maneno ya watu. Na mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, magari yamelala, garaji haina kazi ya maana. Nikasema safari hii inshallah yangu ni ya kweli.

Wiki ile kabla ya kuondoka alifua nguo zangu zote. Mpaka ovaroli za garaji, ambazo zilikuwa hazijaona sabuni tangu zinunuliwe. Akapanga kabati upya. Akaenda kwa Mama, akapiga magoti, akamuaga vizuri, akakaa naye muda mrefu. Mi nikajisifu moyoni, nikasema mwanamke huyu ana roho kubwa, kuna wengine wangenuna.

Tukapanda basi, tukavuka mpaka wa Kobero.

Ile safari jamani! Kama ningeweza kurudia kitu kimoja maishani, ningerudia zile siku za njiani. Zubeda alikuwa anacheka kwa kila kitu. Kahama mgahawani niliuliza, "Muko na chai?" Dada aliyetuhudumia akaniangalia, akasema, "Ninyi Wakongo?" Zubeda akamjibu kwa sauti ya redio, "Samahani dada yangu, tunaomba chai mbili, tafadhali." Akaishikilia hiyo, mpaka Arusha mi nilikuwa naitwa "samahani kaka."

Tulishika mikono kwenye basi. Watu wazima, wakuu. Kwetu mume na mke hawashikani mikono hadharani, lakini kule nani anatujua?

Toka Mto wa Mbu tulipata Land Cruiser ya mizigo mpaka Engaresero, kijiji cha chini ya mlima. Mlima ulijitokeza kidogo kidogo mbele ya kioo. Dereva anaongea na mimi mambo ya gia, mi simsikii. Zubeda yeye hakuinua hata kamera. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Rangi si zile," akasema.

"Si zile za picha?"

"Zile zilikuwa mutoto. Hii ni mama yake."

Tukapata kiongozi wa njia, Mmasai wa makamo kama mimi, anaitwa Loserian. Akatuambia wageni wengi wanapanda mlima wenyewe usiku ili wafike kileleni alfajiri. Zubeda akasema hapana, yeye hatafuti kilele, anatafuta rangi, na giza halina rangi. Loserian akacheka, akasema basi atatupitisha kando ya ziwa la magadi asubuhi, kisha tupande ukingo wa bonde, pale mlima na ziwa vinaonekana pamoja.

Tulianza kulipopambazuka.

Nisikilizeni, mi si mtu wa kusifia mandhari. Ila nitajaribu.

Chini unakanyaga majivu meusi laini, mguu unazama, unatoka, unaacha shimo. Mbele yake nyasi za manjano kavu. Halafu yanaanza magadi, meupe, yamepasuka vipande vipande, kila kipande kimejikunja pembeni kama chapati iliyoungua. Kati ya nyufa maji mekundu. Mahali pengine ya waridi, mahali pengine kama chai ya rangi. Na mbali, mstari mwembamba unatembea peke yake, kumbe flamingo maelfu kwa maelfu.

Harufu ni ile ya magadi ya kupikia maharage, ila hapa chungu ni bonde zima.

Nyuma yetu mlima. Chini una kijani kwenye mabonde yake, katikati kijivu, juu mweupe. Nikamuuliza Loserian kama ile ni theluji.

"Hapana mzee," akasema. "Hiyo ni lava. Huku kwetu inatoka nyeusi kama oili chafu. Ikikaa, inageuka nyeupe."

Wakuu, mi oili chafu ndiyo maisha yangu, na sijawahi kuiona ikigeuka kitu. Nikasimama naangalia tu.

Zubeda alikuwa amelala kifudifudi kwenye majivu na baibui lake, anapiga nyufa. Anapiga moja, anangoja. Hakuwa mtu wa kubonyezabonyeza. Mi ndiye nilibeba miguu mitatu ya kamera na maji. Kila akihama nahama.

Njiani Loserian akauliza, kama watu wanavyouliza tu, "Mama, mna watoto wangapi?"

Nikaangalia chini.

Zubeda akasema, "Hatuna."

Loserian akasema, "Pole, mama." Akatembea kidogo, halafu akasema, "Mimi ninao saba. Tangu wa kwanza azaliwe sijamaliza usingizi."

Zubeda akacheka, na mimi nikacheka, na tukaendelea. Hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyewahi kulipokea jibu lile kirahisi hivyo.

Tukaanza kupanda ukingo. Mi nilikuwa nimejigamba sana njiani na mbio zangu za wikendi. Nilimwambia Loserian vilima vya Buja ni vikali kuliko hivi.

Vilima vya Buja vina upepo wa ziwa, wakuu. Kule jua linakupiga juu, jiwe linakupiga chini. Kabla ya kufika nusu, msuli wa mguu ukakaza. Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Loserian akaninyoosha mguu kama anakamua ng'ombe, akaninywesha maji kidogo kidogo. Zubeda akanichukulia miguu mitatu ya kamera bila kusema kitu, akatangulia.

Nilimwona mbele yangu mwendo wote uliobaki. Alikuwa anapanda kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

Tukafika.

Sitaelezea sana kule juu. Rangi zote nilizotaja zilikuwa zimelala chini yetu kwa pamoja, na mlima umesimama kando kama mwenyeji. Wingu likapita, ziwa likawa la zambarau. Likaondoka, likarudi jekundu. Zubeda akafunga kamera kwenye ile miguu mitatu, akapiga. Akangoja, akapiga. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa anayafuta. Nilifikiri ni ya furaha.

Loserian akatupiga moja ya pamoja, mi na yeye, halafu akashuka kidogo kuangalia njia ya kurudi. Tukabaki wawili.

Zubeda akafunika lenzi. Akakaa kando yangu. Akaangalia ziwa, hakuniangalia mimi.

"Rajabu, mi sirudi Buja."

Nikacheka. Nikasema ndiyo, tujenge hapa hapa.

"Shangazi wangu wa Ujiji ananingojea. Nimemwambia yote. Tukifika Arusha, we utachukua basi ya nyumbani, mi nitachukua ya Kigoma. Utamuoa yule binti. Utapata watoto. Mi nilikuya huku kukuaga."

Wakuu, ndipo nikaelewa zile nguo. Ndipo nikaelewa kabati, na yale magoti mbele ya Mama.

Nikamuuliza, "Ni Mama amekuambia?"

"Apana. Mama wako hajaniambia neno baya hata siku moja. Angeniambia ningepata nguvu ya kubaki."

"Na mi uliniuliza?"

"Ungekataa."

"Basi ulijua jibu langu."

"Najua jibu lako ju we ni mutu mwema. Sitaki kuzeeka nikikula wema wako."

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia hivyo, hata leo sijarudia. Nikamwambia, "Nilisema nataka mutoto kuliko we? Nilisema lini? Nionyeshe siku."

"Hukusema. Lakini mutoto yeyote akipita garaji unamupa pipi. Unamupandisha kwenye gari, unamupigisha honi. Mi nakuonaga, Rajabu. Napita na mboga, nakuona, naenda nyumbani naweka mboga chini, nalia."

Ni kweli nilikuwa nafanya hivyo. Sikujua kama ananiona.

Nikamwambia, "Ninawapa pipi ju ni watoto. Si ju we umenikosea."

Loserian akaita, tukaanza kushuka, kila mtu na njia yake ya mguu.

Sasa kuna mahali kwenye kushuka, upande wa kulia ni korongo, kokoto na majivu vinateleza. Loserian alikuwa ametuonya. Zubeda akakanyaga vibaya, akayumba, akashika jiwe, akabaki salama. Ila mkanda wa kamera ukakatika. Kamera ikabingirika mara mbili, ikasimama kwenye kichaka kidogo kikavu, chini kama kimo cha nyumba.

Mi nikashuka.

Sikufikiri, wakuu. Naapa sikufikiri. Nilikuwa najua tu kwamba huyu mwanamke ananiacha na kwamba picha zake zote ziko pale kwenye kichaka.

Loserian akapiga kelele. Majivu yakaanza kutembea chini yangu kama mchele kwenye ungo. Nikashika kamera kwa mkono mmoja, na mkono mwingine hauna cha kushika.

Zubeda akapiga kelele, "Wacha iende! Rajabu, wacha iende, njo!"

Mi nikang'ang'ania kamera.

Akashuka yeye. Kwa makalio, na baibui lake, anateleza na kokoto mpaka akanifikia, akanishika kola ya shati. Sasa tukawa wawili tuliokwama. Akasema, "We mujinga! Mi nafanya nini na aparei kama we umekufa? Niambie, nafanya nini?"

Nikamwambia, "Si unaenda Ujiji?"

Akanipiga kofi la bega. Halafu akaanza kucheka, na kilio humohumo, uso wake mweupe kwa majivu wote, kope na nyusi. Na mi nilikuwa vilevile. Tumekaa pale kama watu waliotoka kwenye gunia la unga, tumeshikana kola, hatuwezi kupanda wala kushuka.

Loserian akafunga mashuka yake mawili pamoja, akalala chini, akatutupia ncha, akatuvuta mmoja mmoja. Tulipofika akatutukana Kimasai kwanza, halafu akatafsiri kwa upole: "Mzee, mama, mlikuja kupiga picha au kuzikwa?"

Kamera ilikufa siku ile. Kioo kilipasuka, haikuwaka tena. Memori kadi ilikuwa nzima.

Njia ya kurudi Arusha alilala begani kwangu.

Stendi ya Arusha ndiyo ninayoiogopa mpaka leo nikiikumbuka, siyo lile korongo. Wapiga debe wanaita kila upande. Kahama huku, njia ya nyumbani, Kigoma kule. Amesimama na begi lake katikati, na mi sikutaka kumvuta mkono. Mtu akitaka kwenda, ukimvuta unabaki na mkono tu.

Nikamwambia, "Zubeda, chagua we. Ila ujue kitu kimoja. Ukipanda ya Kigoma, na mi napanda. Magari yanaharibika hata Ujiji."

Mpiga debe akamuuliza, "Mama, Kigoma?"

Akasema, kwa ile sauti yake ya redio, "Samahani kaka, tunakwenda Bujumbura."

Tukarudi nyumbani.

Haikuwa rahisi, msije mkadhani. Nilikwenda kwa Mama peke yangu, nikamwambia nimemaliza jambo lile, asinilazimishe tena. Alisema, "Sawa," na ile sawa ilikuwa baridi. Dada Hadija hakukanyaga kwangu Ramadhani nzima, na Idi sahani yetu ya chakula aliituma kupitia jirani. Mitaani wakasema nimerogwa kule kwa Wamasai. Kuna siku nilijiuliza kama mimi ni mwanaume au ni mbishi tu.

Zubeda aliacha labo. Akapata kamera nyingine, akafungua chumba chake cha picha hapa hapa Jabe. Ukutani kwake akaning'iniza zile nyufa nyekundu, ziwa la zambarau, mlima na ile ya sisi wawili. Watu wanaingia kutoa picha za kadi, wanauliza, "Huku ni wapi?" Wengi hawaamini kuna nchi ya rangi hiyo jirani yetu.

Asubuhi moja Mama akaja pale, peke yake, hajaitwa. Mi nilikuwa juu ya ngazi, naunga waya wa taa ya Zubeda. Mama akaangalia zile picha moja moja. Akafika kwenye ile tuliyopigwa na Loserian.

Akasema, "Ulikuwa unalia hapa, mwanangu."

Zubeda akasema, "Ndiyo, Mama."

Mama akaguna. Akavuta kiti, akakaa. Akasema, "Nipige na mi. Foto ya heshima, ya kubaki siku nikiondoka. Sitaki ya kucheka."

Zubeda akamtengeneza mtandio. Akaweka taa. Akangoja, kama anavyongojaga. Halafu akamwinamia, akamnong'oneza kitu sikioni. Mama yangu akacheka! Akacheka mpaka pengo lake la juu likaonekana, mkono umepanda nusu kuziba mdomo. Hapo ndipo Zubeda alibonyeza.

"Futa hiyo," Mama akasema, na bado anacheka.

"Ndiyo, Mama," Zubeda akasema. Hakufuta.

Mama alituacha mwaka uliofuata. Miezi ya mwisho, Zubeda ndiye alikuwa anamuogesha na kumlisha, kwa kuwa Mama alikataa mikono ya mtu mwingine. Siku ya arobaini, Dada Hadija akamvuta Zubeda pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anayo picha ya Mama. Zubeda akamletea ile ya heshima na ile ya kucheka, zote mbili. Dada akashika ile ya kucheka, akakaa chini uani, akaikumbatia kifuani. Iko sebuleni kwake mpaka leo.

Mpaka leo sijui alimnong'oneza nini. Nimeuliza mara nyingi. Anasema ni mambo ya wanawake.

Bado tuko wawili. Mtoto hakuja, na siandiki hivi ili mnionee huruma. Goti langu la kushoto halipandi tena vilima, Buja imebadilika, kikundi chetu cha mbio kimetawanyika, wengine wako Kigali, wengine Ulaya, wengine chini ya udongo. Kuna siku nina hamu ya ile wiki mpaka naweza kunusa magadi.

Nilichojifunza ni hiki, chukueni au acheni. Ukitaka kumfanyia mtu wema mkubwa, wema wa kujitoa wewe ili yeye afaidi, muulize kwanza kama anautaka. Zubeda alikuwa amenipangia maisha mazuri kabisa, yana watoto, yana amani na ndugu. Kasoro yake ilikuwa moja tu, hakuwemo.

Najua wapo humu watakaosema nilikosea, kwamba mwanaume lazima aache kizazi. Semeni, sitakasirika, kwa lugha ya adabu tu. Na kama kuna mtu aliyewahi kuachwa kwa wema, au hivi sasa anapanga kumwacha mtu kwa wema na ameshafua nguo zote, aandike hapa.

Zubeda naye atakuwa anasoma. Amefungua akaunti yake leo asubuhi, na jina amekataa kuniambia.